Kinu Kwanza, Dele Baadaye

Katika mabishano yasiyo na hasara ambayo watu wa miji yetu huyaanzisha baada ya sala ya alfajiri na kuyaacha bila hukumu jua linapopanda, kuna moja ambalo limepata nguvu mpya katika miaka hii ya karibuni, nalo ni bishano juu ya chombo kilicho bora cha kupikia kahawa nyumbani. Zamani bishano hili lisingaliweza kuwapo, kwa sababu chombo kilikuwa kimoja, dele la shaba, na aliyekosa dele alitumia sufuria wala hakuona haja ya kujitetea. Leo, katika nyumba nyingi za Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na hata Unguja, ukifungua kabati la jikoni utaliona birika la kioo lenye chujio la kushindilia, utakiona kichujio cha karatasi kilichokalishwa juu ya jagi, utaliona birika dogo la Kiitalia linguruma­lo juu ya gesi, na nyuma ya hivyo vyote, pengine limefunikwa na vumbi, utalikuta dele la marehemu babu. Kila chombo kina wafuasi wake, na wafuasi hao, hasa vijana waliowahi kufanya kazi katika mikahawa ya Nairobi au waliorudi kutoka masomoni Ulaya, hukitetea kwa ari ambayo mtu angeitarajia katika kesi ya mirathi au ya mpaka wa shamba.

Nimekunywa kwa wafuasi wa madhehebu yote haya, maana mimi si mtu wa kukataa kikombe, na rai yangu ni kwamba wote wanabishania jambo la pili ilhali jambo la kwanza wamelipita bila ya kulitazama. Kahawa ya asubuhi huwa njema au mbovu kabla maji hayajatiwa motoni. Hukumu yake hukatwa katika kaango na katika kinu: buni ilikaangwa lini, ilikaangwa kwa moto gani, ilitwangwa leo au ilisagwa mwezi uliopita katika mji mwingine na mtu asiyejua itapikwa kwa njia ipi. Chombo huja baada ya hayo, nacho kina kazi yake na adabu zake, lakini hakuna chombo, kiwe cha shaba, cha kioo au cha udongo, kiwezacho kuirudisha harufu iliyokwisha kwenda zake.

Wala sikidharau chombo, madhali historia ya kahawa imejaa vyombo. Asili ya mbuni ni misitu ya Ethiopia, lakini habari za kwanza zilizo wazi za watu kuinywa kahawa kama tuinywavyo zatoka Yemen katika karne ya 15, kwa masufii walioitumia ili usingizi usiwakatize katika dhikri za usiku. Kutoka huko ikapanda hadi Makka, na mwaka 1511 Khair Beg, aliyeuangalia mji ule kwa niaba ya Wamamluki wa Misri, akaipiga marufuku baada ya kukusanya wanavyuoni na matabibu wa kumuunga mkono. Jibu lililokuja kutoka Cairo halikukubali kuiharamisha kahawa yenyewe. Kilichowatia wakubwa wasiwasi, na mtu aliyekaa barazani atawaelewa, kilikuwa ni ule mkusanyiko wa watu wanaokesha pamoja, wenye akili zilizochangamka, wasemao watakayo. Nalitaja tukio hili kwa sababu chombo chetu cha pwani hakifahamiki bila ya mkusanyiko huo, na wale wanaokipima kwa kukitazama peke yake juu ya meza ya jikoni wanakidhulumu.

Dele limeumbwa kwa ajili ya watu wengi. Tumbo lake pana huketi juu ya makaa na kulichukua joto kwa utulivu, shingo yake hubana ili mvuke usitoke ovyo, na mdomo wake uliopinda huanzia juu ya kimo cha mashapo, hata kahawa inapomiminwa kwa mkono mwepesi, mashapo hubaki chini yalipo. Katika nchi za Ghuba wengine huongeza nyuzi za mtende ndani ya mdomo huo ili zizuie chembe zilizopanda. Muuza kahawa wa mitaa yetu huichukua kazi hiyo yote akiwa anatembea: seredani yenye makaa imefungwa chini ya dele, vikombe vinagonganishwa katika mkono wa pili kwa mdundo ambao watoto wa mtaa huujua kabla ya kuijua kazi ya baba zao, na ndoo ya maji ya kusuuzia hufuata nyuma. Nenda Jaws Corner, pale Mji Mkongwe wa Unguja, uone jinsi dele moja linavyoliweza kundi zima lenye redio, bao na siasa, na jinsi finjani ile ndogo isiyo na mkono inavyomlazimu mnywaji kuishika ukingoni kwa ncha za vidole na kunywa kwa kufyonza, taratibu, kwa sababu hana njia nyingine. Birika la kioo la watu wawili lingefanya nini mahali hapo ila kuleta aibu?

Namna ya kupika ni nyepesi kuieleza na ngumu kuisimamia. Maji huchemshwa kwanza, unga wa kahawa ukatiwa pamoja na tangawizi iliyopondwa kwa wenye kuipenda, au iliki, au vyote viwili. Kisha hachochei mtu moto mkali, bali dele huachwa lichemke kwa upole, huteremshwa povu linapotishia kumwagika, hurudishwa, na mwisho huwekwa kando hadi mashapo yatulie. Wenye elimu ya kahawa ya kisasa hushtuka wasikiapo kuwa twaichemsha, kwa kuwa kwao ni kanuni kwamba maji yaichukue kadiri ya moja ya tano tu ya uzito wa unga, na yakichukua zaidi huleta uchungu na ukakasi. Hawakukosea. Kahawa ya dele ni chungu, na wazee wetu walijua kuwa ni chungu, na wala hawakujaribu kuuficha uchungu huo kwa maziwa au kuuzamisha katika sukari; waliuweka wazi ndani ya finjani, na utamu wakauweka nje yake, katika kashata ya njugu au ya nazi, katika tende, katika kipande cha halua kishikacho vidole. Ulimi huenda huku na huku baina ya viwili hivyo, na kila kimoja humsifu mwenzake. Jamaa zetu walioko Maskati wana kahawa yao yenye iliki na pengine maji ya waridi, nayo humiminwa kidogo mno, mkono wa kushoto ukishika dele na wa kulia ukitoa finjani, na mgeni hujaziwa tena na tena hadi aitikise finjani yake kuonyesha kuwa ametosheka. Na hapo pia tende hutangulia.

Kwa hiyo yule anayesema kahawa ya pwani ni ya kizamani kwa kuwa ni chungu ameihukumu nusu ya karamu. Lakini na yule anayeitetea kwa kusema kwamba dele lina siri yake, naye nina la kumwambia, kwa sababu dele likitiwa unga mfu hutoa uchungu mtupu, uchungu usio na harufu, na hiyo ndiyo kahawa ambayo, kwa masikitiko, huuzwa leo katika baraza nyingi kwa jina la mila.

Nimelelewa kwa sehemu katika nyumba ya shangazi yangu mjini Tanga, na huko niliona kazi hii ikifanywa tangu mwanzo wake. Buni ilikuja mbichi, ya rangi ya kijani iliyofifia, ngumu kiasi cha kuvunja jino, ikimwagwa kwanza katika ungo na kuchambuliwa, maana punje moja iliyooza, akisema, huinusisha harufu yake finjani kumi. Kisha kaango la chuma likapata moto juu ya mkaa uliokwisha kutulia, usio na ulimi wala moshi, na buni ikatiwa chache, kiasi cha kufunika chini tu, na kuanzia hapo mwiko haukusimama. Kwanza punje zilipauka, zikawa za manjano, zikatoa harufu ya majani makavu yaliyonyeshewa, na mtoto asiye na subira angedhani kazi imeharibika. Halafu zikaanza kugeuka hudhurungi, makumvi membamba yakaruka kutoka kaangoni na kuelea juu ya ua, na ghafula zikaanza kualika, moja hapa, mbili pale, kisha nyingi kwa pamoja; na hapo shangazi alikaza macho, maana baina ya kualika huko na kuungua muda ni mfupi. Alizitaka zifikie rangi ya tende iliyoiva, si zaidi, na mara zilipofika alizimwaga katika ungo mpana na kuzipepea mlangoni ili joto lililomo ndani yake lisiendelee kuzipika. Jirani aliyepita akiinusa harufu ile aliingia bila ya kuitwa.

Kinu cha kahawa kilikuwa kidogo, cha mti mgumu, na mchi wake mzito kuliko ulivyoonekana, na humo hakikutwangwa kitu kingine, wala pilipili wala kitunguu saumu. Alitwanga za asubuhi ile tu, akatia punje chache za iliki pamoja na maganda yake, akachekecha, na chenga zilizobaki juu ya chekeche akazirudisha kinuni. Nyingine zote, zikiwa nzima, zikafungiwa katika mtungi wenye mfuniko. Siku moja nilipomwamkia shikamoo na kumuuliza, kwa ujuvi wa mwanafunzi wa sekondari, kwa nini asitume mtu akanunue ya paketi, iliyokwisha kusagwa, akapumzika, aliitikia marahaba yake kwanza, kisha akanijibu bila ya kuuacha mchi: “Harufu yake wameshainusa wengine, mwanangu. Mimi nitakunywa nini?”

Jibu lile lina elimu kamili ndani yake. Buni mbichi, ikihifadhiwa mahali pakavu, huvumilia miezi mingi bila ya kupoteza hadhi yake. Ikikaangwa huwa kitu kingine: katika joto lipatalo digrii 200 au zaidi hupungua uzito kwa sehemu kama moja katika sita, huvimba, na ndani ya vishimo vyake visivyoonekana hujaa hewa ya kaboni pamoja na mafuta na manukato mengi ambayo hayakuwamo kabla ya moto kuyaumba. Punje nzima huishika hazina hiyo kwa majuma kadhaa. Ukiisaga umevunja milango yote kwa mara moja, na harufu ambayo ingekuja katika finjani inakwenda kwa mwenye duka, kwa dereva wa lori, na kwa yeyote aliyekuwapo paketi ilipofunguliwa. Na ipo alama ya kuijua kahawa iliyo hai ambayo haimhitaji fundi: maji ya moto yakiigusa, huumuka. Katika dele huinuka ghafula na kutaka kumwagika, katika kichujio huvimba na kutoa mapovu, katika birika la kioo hutengeneza utandu mnene juu ya maji. Ama ile iliyokufa hulowa tu ikanyamaza. Anayebishania vyombo na aitazame kwanza alama hiyo, katika chombo chochote akipendacho, ndipo aendelee na bishano lake.

Kichujio cha karatasi ndicho nilichokipa heshima kubwa kuliko nilivyotarajia, nami nasema hivyo nikijua kwamba wapo watakaoniona nimewasaliti wazee. Chanzo chake ni mama wa nyumba wa Kijerumani, Melitta Bentz wa Dresden, aliyechoshwa na mashapo ndani ya kikombe chake, akatoboa matundu kwa msumari katika kopo la shaba, akatandika humo karatasi ya kunyonyea wino iliyotoka katika daftari la mwanawe wa shule, na mwaka 1908 akaipatia hati ya serikali ya kuilinda hikima yake. Karatasi hiyo huyazuia mashapo na mafuta, na kinachoshuka ni maji mekundu, mepesi, yanayopenyeza nuru, ambayo mnywaji wa dele huyatazama kwa huruma hadi atakapoyaonja. Mimi niliyaonja kwanza kwa kahawa ya Kilimanjaro iliyokaangwa juma lile lile, nikatambua kwamba mna ndani yake uchachu mwepesi wa ndimu na utamu wa mbali ambao katika dele haupati nafasi ya kusikika, kwa sababu tangawizi na uchungu husema kwa sauti kubwa zaidi. Kadiri iliyokubaliwa na wengi ni gramu 60 za unga kwa lita moja ya maji. Mimina kwanza maji machache ya kulowesha, ngoja nusu dakika unga uumuke na kushusha pumzi yake, kisha mimina yaliyobaki kwa mzunguko, bila ya haraka. Kazi yote haizidi dakika nne. Kasoro yake ni kwamba ni chombo cha mtu aliye peke yake, na mtu huyo hana budi kusimama kando yake.

Na hapa pana neno juu ya joto la maji, ambalo wafuasi wa karatasi hulifanyia vipimo na mitambo. Wajuzi husema maji yawe baina ya digrii 90 na 96, yasiwe yanachemka kabisa. Mtu wa Mombasa au wa Lamu, akaaye usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa digrii 100 kamili, sharti aliondoe birika motoni na kungoja kitambo. Lakini mtu wa Nairobi, aliyeinuliwa takriban mita 1,700 juu ya bahari, maji yake huchemka karibu na digrii 94, kwa hiyo Mola amekwisha kumpimia, na lile pimajoto la bei aliloagiza kutoka ng’ambo linamwambia yale ambayo mlima ulimwambia bure. Katika mazungumzo mengi niliyoyasikia baina ya watu wa bara na watu wa pwani, kila mmoja akimwona mwenziwe mshamba kwa namna amwagavyo maji, sijasikia hata mmoja akilitaja jambo hili.

Birika la kioo la kushindilia, ambalo Mtaliana Attilio Calimani na mwenzake walilipatia hati mwaka 1929, nalisifu kwa unyofu wake: unga mnene, maji, dakika nne, sukuma chini, mimina. Ndilo jamaa wa karibu wa dele, maana halichuji mafuta, na anayetoka katika kahawa ya pwani hatajiona mgeni mbele yake. Ama lile birika la Moka, ambalo Alfonso Bialetti alilitoa mwaka 1933 na ambalo hupandisha maji kwa nguvu ya mvuke kupita katikati ya unga, sina mapenzi nalo. Linafaa kwa mwenye kutia maziwa. Huharakisha, na mwenyewe akichelewa kuliondoa linapoanza kukoroma, huunguza.

Lakini tazama jinsi vyombo hivi vinavyotofautiana katika haja yao. Dele lataka unga laini, birika la kushindilia lataka chenga, karatasi yataka kadiri ya katikati, na Moka yataka ulaini ambao haujafika wa dele. Paketi ya dukani imesagwa kwa kadiri moja, na kadiri hiyo ilichaguliwa na mtu aliyetaka kumridhisha kila mnunuzi, kwa hiyo hakumridhisha hata mmoja. Na wengi wanaolalamika kwamba chombo fulani hutoa kahawa ya maji matupu, au chungu isiyonyweka, wanakilaumu chombo kwa dhambi ya kisagio. Sitaki nikisifu kinu kupita haki yake. Kinu hutwanga bila ya usawa, unga na chenga pamoja, na dele huyasamehe hayo kwa sababu linachemsha vyote, ilhali karatasi haisamehe. Mwenye kupenda karatasi na anunue kisagio cha mkono chenye meno, akiache kile cha umeme chenye kisu kinachozunguka, ambacho hakisagi bali hukatakata. Kisagio hicho, kwa maoni yangu, kina haki ya fedha zake kabla ya chombo chochote kingine kilichotajwa katika makala haya.

Kwa wale ambao daktari amewaonya juu ya mafuta ya damu, kuna hoja moja ya kweli inayoipa karatasi ushindi. Kahawa iliyochemshwa bila ya kuchujwa hubaki na mafuta ya asili ya buni ambayo huipandisha kolesteroli, jambo ambalo watafiti wa Norway walilibaini katika miaka ya 1980 kwa watu wa kaskazini ya nchi yao wanaochemsha kahawa kama sisi, na karatasi huyazuia mafuta hayo karibu yote. Finjani mbili barazani si balaa, lakini mwenye kunywa dele zima peke yake na alizingatie.

Wapo pia waliolimaliza bishano la vyombo kwa kuvitupa vyote. Wahaya wa Kagera, tangu kabla ya mkoloni yeyote kufikiri juu ya kilimo cha biashara, waliivuna buni yao ya robusta, wakaichemsha pamoja na majani yenye harufu, wakaikausha, na kuitafuna. Mgeni alipofika alikaribishwa kwa punje hizo, na wawili waliotaka kufungamana kwa undugu wa kuchanjiana walipeana buni iliyotiwa damu zao. Hapana moto asubuhi, hapana maji, hapana finjani. Na kwa kuwa robusta ina kafeini karibu maradufu ya arabika, mtafunaji hakosi kuamka. Ukifika Bukoba utaikuta ingali ikiuzwa. Naikubali kwa heshima, ingawa staftahi bila ya mvuke puani naiona pungufu.

Linalonichoma ni jambo jingine. Chini ya mlima Kilimanjaro, ambako arabika ilipandwa na mapadri wa Kikatoliki mwishoni mwa karne ya 19, na ambako Wachagga waliunda umoja wao wa ushirika, KNCU, mwaka 1933 ili waiuze buni yao kwa sauti moja, nilipewa katika nyumba moja ya wageni chupa ya maji ya moto, kijiko, na kopo la kahawa ya kuyeyuka. Dirishani migomba ilikuwa inaifunika mibuni kwa kivuli chake, matunda mekundu yakionekana hata na mtu asiyevaa miwani. Nilimuuliza kwa upole kijana aliyenihudumia kama haiwezekani kupata kahawa ya pale, akaniambia, “Hii ndiyo tunayompa mgeni, mzee wangu, ile nyingine ni ya kuuza.” Sina ugomvi na kopo lenyewe. Bukoba ina kiwanda chake cha kahawa hiyo tangu miaka ya 1960, na msafiri, mlinzi wa usiku na mwanafunzi wa bweni wana haki ya kitu kinachoyeyuka kwa kijiko. Lakini kopo ni la njiani, na sisi tumelileta nyumbani, tukalikalisha mezani mbele ya wageni, tena tukaliona kuwa ni la heshima kuliko dele kwa sababu lina karatasi ya rangi.

Wahabeshi hawakufanya hivyo. Karibu nusu ya buni wanayoilima huinywa wenyewe, na mgeni wao haletewi kahawa iliyokwisha tayarishwa mahali asipopaona: buni huoshwa mbele yake, hukaangwa mbele yake, kaango hupitishwa ili kila aliyeketi auvute moshi wake, hutwangwa, na ndipo huingia katika jebena ya udongo na kumiminwa mara tatu, kila mara na jina lake, ya mwisho ikiitwa baraka. Chombo chao ni cha udongo wa bei ndogo, hakina kipimo wala sindano ya joto. Heshima yote wameiweka katika moto na katika kinu.

Basi ninachowaomba wenye vyama vya ushirika wa Moshi, Mbinga, Mbeya na kwingineko, na wenye maduka ya Makorora, Kariakoo na Marikiti, si mashine wala matangazo. Nawaomba waiuze buni mbichi, iliyochambuliwa, kwa vipimo ambavyo mtu wa kawaida aweza kuvichukua kikapuni pamoja na mchele wake, kwa kuwa leo aitakaye buni nzuri ya nchi yake hana budi kujuana na mtu wa mnadani au kununua gunia. Si kitu kikubwa: robo kilo ya buni, ikishakaangwa na kupungua, huwatosha watu watano finjani moja moja kila asubuhi kwa juma zima, na ikabaki ya mgeni.